Si kila fimbo ghali huvua: Mvuvi mdogo wa Singida achague zana ipi?

ALIZETI ikishavunwa na vitunguu vikishauzwa, wakulima wengi wa Mkoa wa Singida hubaki na miezi kadhaa ya kiangazi kabla ya mvua za msimu kurudi mwishoni mwa mwaka. Ni kipindi ambacho fedha ya mazao hupangiwa matumizi mengi: ada za shule, bati la nyumba, ng'ombe wa kulimia. Kwa wale wanaoishi karibu na Ziwa Kitangiri wilayani Iramba, au karibu na mabwawa yaliyotapakaa mkoani humo, matumizi mengine ni zana ya uvuvi.

Samaki ni kitoweo, na pia ni fedha ya haraka. Mkulima anayepata kambare wawili watatu jioni moja anaweza kulisha familia na kubakiza wa kuuza asubuhi bila kusubiri bei ya alizeti ipande. Lakini fedha aliyo nayo ni kidogo, na madukani na minadani kuna zana za kila aina: nyavu, ndoano za paketi, nyuzi za nailoni na fimbo za kiwandani zenye rangi za kung'aa, nyingine za mitumba, nyingine mpya kutoka China.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Swali la kujiuliza kabla ya kufungua pochi si fimbo ipi inapendeza. Ni fimbo ipi itarudisha fedha yake, na kama kweli fimbo ya dukani inahitajika.

Makala haya yanaeleza namna mvuvi mdogo anavyoweza kuchagua fimbo, uzi na ndoano kulingana na samaki waliopo Singida, maji anayovua na fedha aliyo nayo.

Anza na samaki, si duka

Fimbo nyingi za kutupia ndoano zinazouzwa duniani zimetengenezwa kwa ajili ya samaki aitwaye bass, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini. Samaki huyo aliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Nchini Kenya alipandikizwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo huvuliwa huko kwa ndoano.

Bass huwinda kwa macho. Huvamia samaki bandia wa plastiki au wa bati anayevutwa mbele yake. Kwa sababu hiyo fimbo zake hutengenezwa ziwe nyepesi, ili mvuvi aweze kutupa na kuvuta mara mamia kwa siku bila kuchoka mkono. Wepesi huo ndio unaopandisha bei.

Mvuvi wa Singida hana samaki huyo. Samaki wake wakuu ni kambare na perege, na tabia zao ni tofauti kabisa.

Kambare hukaa chini, hupenda maji yenye tope, hutafuta chakula zaidi usiku, na huongozwa na harufu na sharubu zake kuliko macho. Hula karibu kila kitu: nyungunyungu, wadudu, samaki wadogo, hata matumbo ya kuku. Hana haja ya kuonyeshwa samaki bandia. Anahitaji chambo chenye harufu kilichotulia chini. Hata hivyo, akishanasa huvuta kwa nguvu na kujisokota, hivyo uzi dhaifu hauna maisha mbele yake.

Perege ana mdomo mdogo. Aina nyingi za perege hula mimea midogo ya majini na vitu laini vilivyooza. Katika maji ya Singida yenye chumvichumvi kuna aina ya perege isiyopatikana sehemu nyingi duniani, ambayo wataalamu huiita Oreochromis amphimelas. Inafahamika katika maziwa ya ukanda huu kama Kitangiri, Singidani, Eyasi na Manyara. Perege anayeishi kwa kuchuja vijimelea vya kijani majini hajali sana ndoano. Yule anayekula vitu vya chini au vya pembezoni huweza kuvuliwa kwa ndoano ndogo na chambo laini.

Hivyo basi, mvuvi anayetaka kambare anahitaji zana yenye nguvu, na anayetaka perege anahitaji ndoano ndogo na uzi mwembamba. Hakuna kati yao anayehitaji kulipia wepesi wa fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya bass.

Maji yako yakoje?

Jambo la pili ni ukingo wa maji. Hapa ndipo uamuzi kati ya ufito wa mwanzi na fimbo ya dukani unapofanyika.

Katika bwawa lenye tuta, maji huwa na kina karibu kabisa na ukingo. Mvuvi akisimama juu ya tuta, ndoano yake hufika kwenye kina kwa hatua mbili tatu tu. Hapo ufito wa mwanzi au wa mti mnyoofu wenye urefu wa meta tatu mpaka nne, uliofungwa uzi kwenye ncha, hufanya kazi yote. Fimbo ya dukani haiongezi kitu kikubwa.

Ziwa Kitangiri ni habari nyingine. Ziwa hilo, ambalo hupokea maji ya bonde la Wembere na kuyatoa kupitia Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi, lina kina kifupi. Kiangazi kikikolea maji hurudi nyuma na kuacha tope pana. Mvuvi wa ufito hulazimika kuingia majini ili ndoano ifike penye kina.

Kuingia majini kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye bei ya ufito. Pale penye viboko au mamba ni hatari ya maisha. Aidha, maji baridi yenye konokono yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ugonjwa unaoingia mwilini kupitia ngozi mtu anaposimama majini. Fimbo yenye rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, humwezesha mvuvi kutupa ndoano meta 20 mpaka 40 akiwa amesimama pakavu.

Kwa maneno mengine, fimbo ya dukani hununua umbali. Asiyehitaji umbali asiinunue.

Ufito wa bure usidharauliwe

Mkulima anayeanza anashauriwa aanze na ufito, kwa sababu humfundisha samaki wako wapi na wanakula nini kabla hajatumia fedha nyingi.

Mwanzi wa kuvulia ukatwe ukiwa umekomaa, si mchanga, kisha ukaushwe kivulini ukiwa umelazwa au kuning'inizwa wima kwa wiki kadhaa. Ukikaushwa juani kwa haraka hupasuka. Uzi usifungwe kwenye ncha peke yake. Ufungwe kuanzia katikati ya ufito, uzungushwe mpaka kwenye ncha na kufungwa tena. Ncha ikivunjika samaki mkubwa akiwa amenasa, uzi unabaki mkononi na samaki hapotei.

Maboya hayana haja ya kununuliwa. Kiini cha bua kavu la alizeti ni chepesi sana na huelea vizuri. Gunzi la mahindi lililokauka nalo hufaa. Chubwi, yaani kitu kizito cha kuzamisha ndoano, inaweza kuwa nati kuukuu ya baiskeli au trekta. Ni vizuri kuepuka kuyeyusha risasi za betri jikoni kwa ajili ya kutengeneza chubwi, kwa kuwa moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Faida nyingine ya ufito ni kwamba mtu mmoja anaweza kuchomeka mitatu au minne ukingoni na kuiangalia yote kwa pamoja. Fimbo moja ghali ina ndoano moja tu.

Ukinunua fimbo, kagua haya

Kwa yule anayehitaji umbali, fimbo ya bei nafuu inatosha endapo ataikagua kabla ya kulipa. Yafuatayo ndiyo ya kuangalia.

Kwanza ni malighafi. Fimbo za bei ya chini hutengenezwa kwa fibaglasi, na za bei ya juu kwa kaboni, ambayo wengine huiita grafiti. Kaboni ni nyepesi na humjulisha mvuvi haraka samaki anapogusa chambo. Lakini ikigongwa kwenye jiwe au kubanwa kwenye mlango wa basi huweza kupata ufa usioonekana na kukatika baadaye. Fibaglasi ni nzito kidogo, lakini huvumilia kufungwa kwenye baiskeli, kuanguka na kukanyagwa. Kwa kambare na kwa barabara za vijijini, fibaglasi ndiyo chaguo la busara. Katika jambo hili, ya bei ndogo ndiyo bora.

Aidha, kaboni hupitisha umeme. Fimbo yoyote ndefu haifai kuinuliwa chini ya nyaya za umeme, wala kushikwa ukingoni wakati radi zinapiga. Singida ni tambarare, na mtu aliyesimama ukingoni na fimbo mkononi ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo.

Pili ni urefu. Kwa kuvulia ukingoni, fimbo ya meta 2.1 mpaka 2.7, yaani futi saba mpaka tisa, inatosha. Fupi zaidi ya hapo hutupa karibu, na ndefu zaidi huchosha na ni taabu kusafirisha.

Tatu ni maungio. Fimbo ya vipande viwili vinavyochomekana ni imara kuliko ile ya vipande vingi vinavyoingiana kama antena ya redio. Hiyo ya antena huvutia kwa sababu hukunjwa ikaingia begini, lakini mchanga ukiingia kwenye maungio hukwama au kulegea. Anayeichagua aioshe kwa maji safi na kuipangusa kila baada ya kazi.

Nne ni pete zinazopitisha uzi. Chukua kipande cha pamba au soksi nyembamba, kipitishe ndani ya kila pete na kukizungusha. Kikinasa, kuna ufa au makali yatakayokata uzi. Pete moja mbovu inatosha kukupotezea samaki wa siku nzima. Fimbo za mitumba zina kasoro hii mara nyingi, lakini pete huweza kubadilishwa, hivyo kasoro hiyo ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Tano ni kupinda. Mwombe muuzaji ashike ncha kwa kitambaa wakati wewe umeshika mpini, kisha vuta taratibu. Fimbo nzuri hupinda kama upinde uliolingana. Ikipinda sehemu moja tu kama kiwiko, au ikitoa mlio wa kukwaruza, iache.

Sita ni maandishi. Juu ya mpini wa fimbo nyingi huandikwa uzito wa uzi unaofaa, mara nyingi kwa paundi. Kilo moja ni sawa na paundi 2.2. Kwa kambare, fimbo iliyoandikwa paundi 12 mpaka 25 inafaa. Ile iliyoandikwa paundi 4 mpaka 8 ni ya samaki wadogo, hata kama ni nzuri kwa macho.

Rili: Breki ndiyo roho yake

Rili ziko za aina mbili kubwa. Moja hukaa chini ya fimbo, na bobini yake haizunguki wakati wa kutupa. Nyingine hukaa juu ya fimbo, na bobini yake huzunguka kila unapotupa. Hiyo ya juu ndiyo inayopendwa na wavuvi wa bass, kwa kuwa hulenga shabaha vizuri. Lakini asiyeizoea hujikuta na fungu la uzi uliojisokota kama kiota cha ndege, na ya bei ndogo husumbua zaidi. Kwa anayeanza, rili ya chini ni nafuu, ni rahisi kujifunza na ni rahisi kutengeneza.

Wakati wa kununua, zungusha mkono wa rili taratibu ukiwa umeiweka karibu na sikio. Isikwaruze wala kucheza. Kisha kagua breki. Breki ni kitufe kinachoamua uzi utoke kwa nguvu kiasi gani samaki anapovuta. Breki ikikamata kwa kushtuka-shtuka badala ya kuachia uzi kwa ulaini, rili hiyo haifai, hata ikipunguzwa bei mara mbili.

Breki hurekebishwa kwa robo mpaka theluthi moja ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa kubeba kilo 9, breki iachie uzi pale inapovutwa kwa kilo 2.25 mpaka 3. Mfanyabiashara mwenye mizani ya kuning'iniza anaweza kupima jambo hili kwa dakika moja: funga ncha ya uzi kwenye ndoano ya mizani, vuta fimbo, na usome kipimo pale uzi unapoanza kutoka.

Pasipo breki sahihi, kambare wa kilo tano hukata uzi wa kilo tisa, kwa sababu mshtuko wa ghafla huzidi uzito wake mara kadhaa.

Fedha iende kwenye uzi na ndoano

Hapa ndipo wavuvi wengi wadogo hukosea hesabu. Hutumia karibu fedha yote kwenye fimbo, kisha hununua ndoano na uzi wa bei ya chini kuliko vyote. Ukweli ni kwamba samaki haigusi fimbo. Anachogusa ni chambo, ndoano na uzi.

Uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.35 mpaka 0.45 unatosha kwa kambare. Kwa perege, milimita 0.20 mpaka 0.25. Soma lebo ya bobini, kisha pima mwenyewe kwa kuvuta kipande kwa mikono baada ya kufunga fundo, kwa kuwa uzi hukatikia kwenye fundo. Lowesha fundo kwa maji au mate kabla ya kulikaza. Likikazwa likiwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika.

Nailoni huharibiwa na jua. Bobini iliyoning'inia miezi mingi mbele ya duka ikipigwa na jua isinunuliwe, hata ikiwa nusu bei. Nyumbani nako uzi uwekwe gizani. Kabla ya kila safari, kata na kutupa meta moja ya mwisho, ambayo ndiyo hukwaruzwa na mawe.

Ndoano zina utaratibu wa namba unaowachanganya wengi. Namba za kawaida zikipanda, ndoano hupungua ukubwa: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini zile zinazoandikwa kwa mkwaju na sifuri, kama 1/0, 2/0 na 3/0, huongezeka ukubwa namba inapopanda. Kwa kambare tumia 1/0 mpaka 4/0. Kwa perege tumia namba 8 mpaka 12.

Kupima ukali, buruta ncha ya ndoano kidogo juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, ni butu. Ndoano inayonyooka kwa kuvutwa na vidole haifai hata kwa perege.

Kuhusu chambo, mkulima wa Singida ana hazina nyumbani. Matumbo ya kuku wa kienyeji humvuta kambare kwa harufu. Nyungunyungu hupatikana kando ya bustani za vitunguu zinazomwagiliwa. Kwa perege, ugali mgumu uliokandwa na mashudu ya alizeti hushika vizuri kwenye ndoano ndogo.

Hesabu kabla ya kununua

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kupiga hesabu tu. Bei zilizotumika si bei za soko, na kila msomaji aweke zile za mahali pake.

Tuseme seti ya ufito, yaani mwanzi, uzi na ndoano kumi, inagharimu Sh 6,000. Tuseme fimbo ya fibaglasi na rili ni Sh 60,000, uzi mzuri Sh 10,000 na ndoano Sh 5,000, jumla Sh 75,000. Tofauti ni Sh 69,000.

Kama kilo ya kambare inauzwa Sh 6,000, fimbo lazima ilete kilo 11.5 zaidi ya zile ambazo ufito ungeleta, ndipo tofauti hiyo irudi. Kama fimbo inaongeza nusu kilo kwa kila safari, zinahitajika safari 23. Kwa mtu anayevua mara mbili kwa wiki, hiyo ni karibu miezi mitatu, yaani ndani ya kiangazi kimoja. Hapo fimbo inalipa.

Lakini kama mvuvi huyo anavulia kwenye tuta la bwawa ambako fimbo haiongezi hata robo kilo, atahitaji safari 46 au zaidi, na pengine rili itakuwa imeharibika kabla ya kufika huko. Fedha hiyo ingemfaa zaidi kwa vifaranga au mbegu.

Hesabu hii pia huonyesha faida ya kununua kwa kikundi. Ndoano za paketi ya mia na bobini kubwa ya uzi huwa na bei ndogo kwa kipimo kuliko rejareja. Wavuvi watano wakichanga, kila mmoja hupata zana nzuri kwa bei ya zana duni. Mfanyabiashara mdogo wa mnadani naye anaweza kupata wateja kwa kuuza ndoano chache chache za ubora mzuri badala ya kujaza meza fimbo za rangi ambazo hununuliwa mara moja na kulalamikiwa mwaka mzima.

Wavu wa timba ni hasara

Wapo watakaosema kwamba fimbo na ufito ni kupoteza muda, kwa kuwa wavu mwembamba wa nailoni ya uzi mmoja, maarufu kama timba, una bei ndogo na hukamata wengi kwa usiku mmoja. Ni kweli hukamata wengi. Lakini timba, kokoro, sumu na baruti ni zana na njia zilizopigwa marufuku chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009.

Wavuvi wa Ziwa Victoria walionja gharama yake mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu haramu zilipokamatwa na kuteketezwa kwa moto na wamiliki kutozwa faini. Mtu anayenunua wavu haramu kwa fedha ya alizeti anaweza kupoteza wavu, faini na samaki kwa siku moja. Zana ya namna hiyo haina unafuu wowote.

Ieleweke kwamba kilichokatazwa hapo ni wavu wa timba, si uzi wa nailoni wa kufungia ndoano. Hata hivyo, mvuvi wa ndoano naye anapaswa kuwa na leseni ikiwa anavua kibiashara. Njia salama ni kumwona ofisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kuanza, na kwa mabwawa ya vijiji, kuomba ruhusa kwa serikali ya kijiji, kwa kuwa mabwawa mengi hutumika pia kunyweshea mifugo.

Ndoano ina faida nyingine ambayo wavu hauna: humpa mvuvi nafasi ya kuchagua. Perege wengi wa ukanda huu huatamia mayai na watoto wao mdomoni. Jike aliyenaswa akiwa na watoto mdomoni anaweza kurudishwa majini akiwa hai, na samaki mchanga vilevile. Kwa mvuvi wa ziwa dogo lenye kina kifupi, kurudisha hao ni akiba ya mwaka unaofuata. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wafugaji wa samaki

Wakulima waliochimba mabwawa ya perege na kambare nao wana sababu ya kuwa na fimbo au ufito. Mteja mmoja akija kutaka samaki wawili, si lazima kuvuta wavu na kuwasumbua wote. Ndoano hutoa wawili na wengine wakaendelea kula.

Kwa kazi hiyo ni vizuri kukandamiza kwa koleo kile kijino cha ndoano kinachorudi nyuma. Samaki asiyetakiwa hutolewa haraka bila kuchanika mdomo.

Kambare ana sifa moja inayomsaidia muuzaji asiye na barafu: anaweza kuvuta hewa, hivyo huishi saa nyingi nje ya maji akifunikwa kwa gunia lililoloweshwa na kuwekwa kivulini. Anayeuza kambare hai hapati hasara ya samaki kuoza njiani. Cha kuangalia ni miiba ya mapezi ya ubavuni, ambayo huchoma vibaya. Ashikwe nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba hiyo.

Wapi pa kuanzia

Kwa mwenye fedha kidogo, mpango wa busara ni huu. Msimu wa kwanza aanze na mianzi mitatu, uzi mzuri na ndoano kali, huku akiandika kwenye daftari kila safari: mahali, saa, chambo na kilo alizopata. Kiangazi kikiisha, daftari litamwambia kama samaki wako karibu na ukingo au wako mbali.

Kama wako mbali, anunue fimbo ya fibaglasi ya vipande viwili na rili ya chini yenye breki laini, kwa fedha iliyotokana na samaki wenyewe. Kama wako karibu, aendelee na mianzi na kupeleka faida shambani. Aitunze zana yake kwa kuiosha, kuikausha na kuiweka kivulini, na asisahau kutia tone la mafuta mepesi kwenye mkono wa rili kila baada ya wiki chache.

Bei ya fimbo hulipwa mara moja. Uzi uliooza, ndoano butu na wavu unaochomwa moto hulipiwa kila msimu.